Chanzo cha eksirei zitokazo kwenye kometi

Mnamo Machi 1996, kometi Hyakutake, iliyogunduliwa Januari mwaka huo na Mjapani Yuji Hyakutake, ilipita umbali wa takriban kilomita milioni 15 kutoka duniani. Setilaiti ya Ujerumani, ROSAT, ilipoelekezwa huko, wanasayansi walipigwa na butwaa: nyota hiyo yenye mkia ilikuwa ikitoa eksirei.

Kwa kawaida, eksirei za angani hutoka kwenye gesi yenye joto la mamilioni ya digrii, ilhali kometi ni donge la barafu na vumbi. Ufafanuzi uliokuja kukubalika ulitolewa mwaka 1997 na Thomas Cravens wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani.

Jua hupuliza kila upande upepo wa chembe zenye umeme, kwa kasi ya takriban kilomita 400 kwa sekunde. Nyingi ya chembe hizo ni protoni na elektroni, lakini miongoni mwazo mna kiasi kidogo cha atomu nzito kama vile oksijeni na kaboni. Kwa kuwa tabaka la nje la jua lina joto la takriban digrii milioni moja, atomu hizo hupokonywa elektroni zake karibu zote. Atomu iliyopoteza elektroni huitwa ayoni. Oksijeni, ambayo huwa na elektroni 8, huweza kubaki na 1 tu.

Ayoni kama hiyo ina nguvu kubwa ya kuvuta elektroni. Inapopita karibu na molekuli ya maji iliyofuka kutoka kwenye kometi, huinyang'anya elektroni moja. Elektroni hiyo haitui papo hapo karibu na kiini cha atomu, bali hushikwa kwanza katika ngazi ya juu ya nishati. Inaposhuka hadi ngazi ya chini, nishati inayozidi hutolewa kama mwanga, zikiwemo eksirei. Hivyo basi, barafu haihitaji kuwa moto.

Kila aina ya ayoni hutoa eksirei za nishati yake maalumu. Mwaka 2000, darubini ya Chandra ya shirika la NASA iliichunguza kometi LINEAR na kutambua alama za ayoni za oksijeni na nitrojeni. Huo ulikuwa ushahidi kwamba Cravens alisema kweli.

Unyakuzi huo hutokea pia pale upepo wa jua unapokutana na haidrojeni na heli zilizotapakaa kati ya sayari. Kwa sababu hiyo, wanaopima gesi moto iliyo kati ya nyota hulazimika kuondoa kwanza mwanga huo wa karibu. Vipimo vya roketi DXL, iliyorushwa Desemba 2012, vilionyesha kuwa takriban asilimia 40 ya eksirei za nishati ya chini katika bapa la galaksi yetu huzalishwa humu humu katika mfumo wa jua. Zilizosalia hutoka kwenye gesi moto inayouzunguka mfumo huo.