Nguo ya Kuazima: Harusi za Waingereza Katika Miaka ya Mgao, 1939–1954

Waswahili husema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Methali hii ina busara yake, kwa kuwa mwenye nguo aweza kuidai wakati wowote, na aliyeivaa akabaki uchi mbele ya macho ya watu. Lakini historia ya Uingereza katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na katika miaka iliyofuata, yatoa mfano wa kinyume chake. Wanawake wengi waliolewa katika miaka ile kwa mavazi ya kuazima, keki za kuchangiwa na pete nyepesi, na harusi zao zikahesabiwa kuwa harusi njema. Jambo la kuchunguza si namna walivyopunguza gharama tu, kwani shida humfundisha kila mtu kupunguza. Jambo kubwa zaidi ni sababu iliyofanya upungufu ule usiwe aibu.

Desturi ya bibi arusi wa Kiingereza kuvaa nguo nyeupe si ya kale kama wengi wanavyodhani. Tarehe 10 Februari 1840 Malkia Victoria aliolewa na Albert akiwa amevaa atlasi nyeupe iliyopambwa kwa lesi ya Honiton. Kabla ya siku hiyo mabibi arusi wengi walivaa nguo yao nzuri kuliko zote, ya rangi yoyote iliyokuwapo, na baada ya harusi wakaendelea kuivaa. Nyeupe ilikuwa rangi ya mwenye nacho, maana huchafuka upesi, na nguo ya kuvaliwa siku moja ni anasa kwa mtu mwenye nguo mbili. Matajiri walimwiga malkia, na watu wa hali ya kati wakawaiga matajiri. Kufikia mwaka 1939 harusi iliyosifiwa ilikuwa na vazi jeupe, shela ndefu, pete ya dhahabu, na keki ya ghorofa kadhaa iliyovikwa sukari nyeupe kama theluji. Aliyeshindwa na vitu hivyo alijulikana, na kujulikana huko kulikuwa adhabu.

Vita vilipotangazwa mwezi Septemba 1939, vijana waliitwa jeshini, na wachumba waliokuwa wakingoja miaka wakaamua kutongoja hata wiki. Katika mwaka 1940 ndoa zilizofungwa England na Wales zilizidi 470,000, hesabu ambayo haikuwa imepata kufikiwa. Askari alipewa likizo ya siku chache, na ndani ya siku hizo ilibidi aoe, ale karamu, aage na aondoke. Wakati huohuo vitu vilivyofanya harusi kuwa harusi vilikuwa vikitoweka kimoja kimoja. Tarehe 8 Januari 1940 mgao wa siagi, sukari na nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi ulianza. Mwezi Juni mwaka ule kengele za makanisa zilinyamazishwa, kwani sauti yake sasa ilikuwa ishara ya kwamba adui ameingia nchini; hazikuruhusiwa tena kulia kama kawaida mpaka mwaka 1943. Mwezi Agosti 1940 ikapigwa marufuku kuipamba keki kwa sukari juu yake. Bibi arusi akatoka kanisani kimya kimya, na keki iliyomngoja haikuwa nyeupe tena.

Pigo la mavazi lilifika tarehe 1 Juni 1941. Kila mtu alipewa kuponi 66 za mwaka mzima. Gauni la sufu lilihitaji kuponi 11, gauni la kitambaa kingine 7, viatu vya kike 5, na jozi ya soksi ndefu 2. Suti ya mwanamume yenye koti, kizibao na suruali ilikula kuponi 26. Basi bibi arusi aliyenunua gauni la sufu, viatu na soksi alikuwa ametumia zaidi ya robo ya haki yake ya mwaka kwa ajili ya siku moja, na baridi bado ilikuwa mbele yake. Tena kadiri hiyo ilipunguzwa katika miaka iliyofuata. Fedha peke yake haikutosha kununua nguo: mwenye pauni mia na mwenye pauni tano walisimama mbele ya muuza duka wakiwa na kijitabu cha namna moja.

Katika dhiki hiyo watu waligundua kwamba sheria ilikataza kumpa mtu mwingine kuponi, lakini haikukataza kumwazima nguo. Vazi moja likaanza kusafiri. Mama alitoa gauni lililokaa sandukuni tangu aolewe, likapunguzwa kiuno, likavaliwa na binti, kisha na dada yake, kisha na binti wa jirani. Barbara Cartland, mwandishi wa riwaya za mapenzi aliyeshughulikia hali za wanawake wa jeshi huko Bedfordshire, alikusanya mavazi meupe ya harusi ili askari wa kike wapate kuyatumia kwa zamu. Wengine waliolewa na sare zao za kazi, au na suti ya kawaida iliyobandikwa maua kifuani. Shela zilishonwa kwa mapazia ya kimia. Hariri na nailoni za maparachuti zilipopatikana, hasa vita vilipokwisha, kitambaa kilichotengenezwa kumshusha mtu kutoka angani kikawa gauni la kumpeleka kanisani.

Kwa upande wa chakula mambo yalikuwa vivyo hivyo. Kwa muda mrefu sukari ya mtu mmoja ilikuwa aunsi 8 kwa wiki, na yai bichi moja lilipopatikana lilikuwa bahati. Hapana nyumba iliyoweza kuoka keki ya harusi kwa posho yake peke yake. Mmoja alileta zabibu kavu alizozificha, wa pili kikombe cha sukari, wa tatu mayai ya unga kutoka Marekani. Keki iliyotokea ilikuwa ndogo na nyeusi. Waokaji wakakodisha vifuniko vya kadibodi au plasta vilivyochorwa mfano wa keki kubwa nyeupe. Picha ilipokwisha kupigwa kifuniko kiliondolewa, na wageni wakala kipande kidogo kilichokuwa chini yake.

Mbona watu hawakuona haya mbele ya keki ya kadibodi? Kwa sababu kila mgeni alijua kilichokuwa ndani, na nyumbani kwake hakukuwa na zaidi. Tangu mwaka 1942 hata mlo wa hotelini uliwekewa mpaka wa shilingi 5, ukumbi uwe wa fahari namna gani. Haidhuru usawa huo ulikuwa na matundu. Tajiri alikuwa na makabati yaliyojaa kabla ya vita, na biashara ya magendo iliwahudumia wenye fedha. Hata hivyo kipimo cha hadhara kilikuwa kimoja, na aibu ya harusi hutoka katika kipimo cha hadhara.

Nguvu ya kipimo hicho ilionekana Binti Mfalme Elizabeth alipoolewa na Philip Mountbatten tarehe 20 Novemba 1947. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini mgao wa nguo ulikuwa bado. Binti huyo naye alihitaji kuponi, na serikali ikamwongezea. Wanawake nchini walimpelekea kuponi zao. Zikarudishwa, kwa sababu kuzitumia kungekuwa kosa. Mshonaji wake, Norman Hartnell, aliulizwa kama viwavi waliotoa hariri ya gauni walitoka katika nchi zilizokuwa adui, naye akajibu kwamba walitoka Uchina. Keki ilikuwa na kimo cha futi 9, na baadhi ya vitu vilivyoingia ndani yake vilikuwa zawadi ya wasichana wa Girl Guides wa Australia. Harusi ile haikuwa ya kimaskini hata kidogo. Lakini ilibidi ijieleze.

Mgao wa nguo ulikoma mwezi Machi 1949, wa sukari mwaka 1953, na wa vyakula vyote tarehe 4 Julai 1954. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini siku hiyo mpaka uliowekwa na sheria ulifutika, na kila nyumba ikarudishiwa mzigo wa kujiwekea mpaka wake. Huo ni mzigo mzito kuliko kuponi. Bibi arusi mmoja anayepunguza peke yake huonewa huruma. Mtaa mzima ukipunguza pamoja, huwa desturi. Methali ya nguo ya kuazima yasema kweli pale ambapo mmoja huazima na mwingine humiliki. Katika miaka ile ya dhiki mwenye nguo naye alikuwa ameazima sukari ya jirani, na hapakuwa na mtu wa kumvua mwenzake.