Neno la Mtu na Tundu la Kadi

Asomaye kitabu cha takwimu aghalabu hupitisha macho juu ya majedwali, akapokea kwamba watu kadhaa katika kila mia ni wakulima na kadhaa hawajui kusoma, wala hakumbuki kuwa kila tarakimu iliyomo humo, kabla haijawa tarakimu, ilikuwa jibu lililotoka kinywani mwa mtu, mlangoni pa nyumba yake, mbele ya karani aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumba ya pili. Baina ya jibu lile na jedwali lile pana kazi moja ambayo wataalamu wa ilimu ya jamii huiita usimbaji: kulitwaa neno, kuliamulia fungu, na kulipa fungu hilo namba, ili maelfu ya maneno yasiyofanana yapate kujumlishwa. Tarehe ya kazi hii husimuliwa mara nyingi kama tarehe ya mashine zake, na mashine zake kwa kweli zastahili sifa. Lakini mimi nashikilia kwamba mambo makubwa ya ilimu hii, ya heri na ya shari, yametendeka pale fungu lilipoamuliwa, na kwamba mashine, tangu ya kwanza hata ya leo, haikupata kumpunguzia binadamu dhamana hiyo.

Mnamo 1886 tajiri mmoja wa meli, Charles Booth, alianza kuuchunguza umaskini wa London kwa fedha zake mwenyewe. Hakuwa na mashine yoyote. Alikusanya habari kwa wakaguzi wa bodi ya shule, ambao kwa ajili ya kazi yao walizijua nyumba zenye watoto moja baada ya moja, akazigawa jamaa zote katika tabaka nane, kutoka A hata H, akaweka mpaka wa umaskini penye mapato ya shilingi 18 hadi 21 kwa wiki kwa jamaa ya kadiri, kisha akaitia ramani ya mji rangi mtaa kwa mtaa, nyeusi kwa walio chini kabisa na manjano kwa matajiri. Alipomaliza, alipata kwamba asilimia 30.7 ya watu wa London walikuwa chini ya mpaka ule, na Uingereza nzima ikashtuka. Lakini yafaa kutazama alichokifanya: aliyeamua kwamba jamaa fulani ni ya C wala si ya D hakuwa mwenye jamaa, bali mkaguzi aliyemweleza Booth, na karani wa Booth aliyeandika herufi.

Ng'ambo ya bahari, Wamarekani walikuwa na taabu ya namna nyingine. Katiba yao yawalazimu kuwahesabu watu kila mwaka wa kumi, na hesabu ya 1880, iliyopata watu takriban milioni 50, ilichukua miaka saba na zaidi kupangwa kwa mkono, makarani wakichora vijistari katika makaratasi mapana na kuvijumlisha, kiasi kwamba ilionekana wazi hesabu moja itakuja kuikuta nyingine haijakwisha. Katika ofisi ya hesabu ile alikuwamo kijana mhandisi, mzaliwa wa Buffalo, jina lake Herman Hollerith. Na mkubwa wake mmoja, tabibu John Shaw Billings, alimdokezea kuwa ingefaa iwepo mashine ya kuifanya kazi hii ya kuhesabu na kupanga. Hollerith mwenyewe alieleza baadaye kwamba fikra ya tundu aliipata garini, safarini kwenda magharibi, alipomwona mkata tiketi akitoboa pembeni mwa tiketi alama za sura ya abiria, nywele nyeupe au nyeusi, macho ya namna gani, ili tiketi isitumiwe na mwingine. Kwa desturi ile ndogo, ambayo wasafiri wengi waliipita bila kuijali, mtu alikwisha kugeuzwa kuwa safu ya matundu.

Kadi yake ya 1890 ilikuwa karatasi ngumu, na kila mahali juu yake paliwekewa maana: hapa mwanamume, hapa mwanamke, hapa ameoa, hapa mjane, hapa kazi, hapa nchi aliyozaliwa baba. Karani alisoma jibu katika daftari la mhesabu, akatoboa panapostahili. Kadi ikatiwa mashinikizoni, akashusha mkono, na sindano zenye kamani zikaigusa. Palipo na karatasi sindano ilizuiwa, na palipo na tundu ilipenya ikazama katika kikombe kidogo cha zebaki, umeme ukapita, na mshale wa saa mojawapo ya kuhesabia ukasogea hatua moja. Papo hapo kifuniko cha kijisanduku kikafunguka chenyewe kumwonyesha karani kadi ile iwekwe wapi. Mnamo 1889 serikali iliishindanisha njia hii na nyingine mbili kwa kutumia habari za watu 10,491 wa mji wa St. Louis. Kunakili habari kulichukua saa 72 na dakika kwa Hollerith, saa 110 na zaidi kwa wa pili, na saa 144 na zaidi kwa wa tatu. Kupanga na kujumlisha kulimchukua yeye saa tano na nusu kasoro, ilhali wenziwe walichukua saa 44 na 55. Mwaka uliofuata idadi ya watu wa Marekani, zaidi ya milioni 62, ilitangazwa katika muda wa wiki chache tu tangu kazi kuanza.

Mashine hiyo iliyostaajabisha ilipewa jambo gani la kuhesabu? Sheria ya hesabu ya 1890 iliwaamuru makarani wawatenge watu wenye asili ya Kiafrika kwa kadiri ya damu: mweusi ni mwenye robo tatu au zaidi, chotara ni mwenye thumuni tatu hata tano, wa fungu la tatu ni mwenye robo, na wa nne ni mwenye thumuni moja au athari yoyote ile. Karani asiyemjua babu wa mtu alisimama mlangoni akamtazama uso, akakata shauri. Na tundu likatobolewa kwa usahihi kamili, mshale ukasogea kwa usahihi kamili, na jedwali likatoka bila kosa la kujumlisha hata moja. Wakuu wa hesabu wenyewe walikiri kwamba mafungu yale hayakuwa na thamani, na katika hesabu ya 1900 yakaachwa. Mashine ilikuwa kama mizani safi iliyowekewa mawe ya uongo.

Ndiyo maana namheshimu sana W. E. B. Du Bois, ambaye mnamo 1896 alialikwa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania kuchunguza hali ya watu weusi wa Philadelphia, akahamia na mkewe katika mtaa wenyewe, Kata ya Saba, akaenda nyumba kwa nyumba yeye mwenyewe na madodoso yake, takriban jamaa 2,500. Kitabu chake cha 1899 kimejaa majedwali ya umri, kazi, kodi na mapato. Aliyeuliza ndiye aliyesikia, na aliyesikia ndiye aliyeamua fungu; na palipokuwa na shaka, shaka hiyo aliibeba mtu mmoja aliyekumbuka uso na chumba. Njia hii haiwezi kutumika kwa watu milioni 62, nakiri. Lakini chochote kinachopotea pindi kazi inapogawiwa watu wengi, Du Bois alikuwa nacho.

Kwetu pwani tunao mfano ambao mwanafunzi yeyote wa takwimu angepaswa kuujua kwa moyo. Katika hesabu ya Zanzibar ya 1924 watu zaidi ya 33,000 waliandikwa kuwa ni Waswahili. Katika hesabu ya 1931 walioandikwa hivyo hawakupita sana 2,000. Hakukuwa na tauni wala hijra. Watu walikuwa ni wale wale, katika nyumba zile zile, ila jina lile lilikwisha kunasibishwa na utumwa, na mwenye kuweza kujibu kwamba yeye ni wa kabila jingine la visiwani, au la bara, au Mshirazi, au Mwarabu, alijibu hivyo. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na chakula cha mgao kikagawiwa kwa kutazama kundi la mtu, hata jibu la dodoso likawa na uhusiano na chungu kilicho mekoni. Na hesabu ya 1948 ikawakuta Washirazi kuwa zaidi ya nusu ya wakazi wote. Mtu akizichukua hesabu hizi tatu na kuchora mstari wa kupanda na kushuka kwa makabila, atakuwa amechora historia ya heshima na haki za watu, akidhani amechora historia ya vizazi. Tanzania nayo iliuliza kabila katika sensa ya 1967, kisha ikaliacha swali hilo, na kwa rai yangu ilitenda jambo la busara.

Nchini Ujerumani fungu lilileta msiba usio na kifani. Mnamo 1933 kampuni iliyokuwa na haki ya mashine za Hollerith kule ilipewa kazi ya kupanga hesabu ya watu milioni 41 wa Prussia, na dini ya kila mtu ilikuwa na safu yake katika kadi. Utawala uliozishika habari zile ulikuwa na haja ya kujua Mayahudi wako wapi. Sisemi kwamba kadi iliua; nasema kwamba hakuna safu iingiayo katika dodoso bila mtu fulani kuitaka, na mtafiti ana wajibu wa kujua ni nani huyo.

Tangu 1928 kadi ilikuwa na safu 80, kila safu ikiwa na nafasi 12, na kwa miaka arubaini hivi ilimu nzima ya jamii iliishi ndani ya mipaka hiyo. Samuel Stouffer na wenziwe, waliowahoji askari zaidi ya nusu milioni wa Marekani wakati wa vita, waliyapitisha majibu yao humo. Paul Lazarsfeld, ambaye hapo awali pamoja na Marie Jahoda na Hans Zeisel alikuwa ameandika habari za kijiji cha Marienthal huko Austria kilichopoteza ajira, wakifungua kadi ya mkono kwa kila jamaa kati ya jamaa 478, alihamia New York, na huko yeye na wanafunzi wake wakaufanya usimbaji kuwa fani yenye kanuni: mafungu yasiingiliane, yamtoshe kila mjibu, na waamuzi wawili wasiowasiliana walipatie jibu lile lile namba ile ile.

Zeisel naye, katika kitabu chake cha 1947, alitenga sura nzima kwa ajili ya watu waliojibu kwamba hawajui na wale wasiojibu kitu. Naiona sura hiyo kuwa na manufaa makubwa kwetu kuliko nyingi zilizo ngumu zaidi, maana neno sijui katika nyumba zetu lina watoto wengi. Kuna sijui ya asiyejua. Kuna sijui ya mke anayeulizwa mapato ya mumewe mbele ya mumewe. Kuna sijui ya mzee ambaye kwake kuwahesabu watoto wake hadharani ni kuwatafutia husuda. Zote tatu karani huziandikia 9, au 99 ikiwa safu ni mbili. Na hapo hatari huzaliwa, kwani mwenye pupa husahau kuiambia mashine kwamba 99 si umri. Watu kumi wakihojiwa, tisa wakiwa na miaka 30 na wa kumi umri wake haujulikani, wastani utatoka karibu miaka 37. Hata umri ujulikanao huja umekunjwa: watu huutaja kwa miaka inayoishia na 0 au 5, na ndiyo sababu sensa za Afrika Mashariki zilibuni kalenda za matukio, ili bibi asiyejua mwaka wake aulizwe kama alizaliwa kabla ya Majimaji au baada ya vita vya Wajerumani.

Kompyuta nayo ilikuja kwa njia ya wale wale. Ile iliyofungwa Hazina, Dar es Salaam, mnamo 1965, ICT 1500, ilitoka kwa kampuni ya Kiingereza iliyorithi biashara ya mashine za Hollerith. Na miaka tisa baadaye serikali ikazuia kuingizwa kwa kompyuta nchini. Huko Stanford mnamo 1968 vijana watatu, Norman Nie, Hadlai Hull na Dale Bent, walitunga programu ya SPSS, ili mwanafunzi wa siasa au elimu asihitaji tena kumbembeleza mtaalamu wa kompyuta amwandikie maagizo. Na mwongozo wao wa 1970 ukaenea vyuoni duniani kote. Mnamo 2009 programu hiyo ilinunuliwa na IBM, kampuni iliyochipuka katika karakana ya Hollerith. Mwanafunzi wa leo hupata kwa mibofyo michache jedwali ambalo Booth angelilipia makarani kwa miezi, na simwonei kijicho, bali nasikitika kila niionapo tasnifu yenye kurasa arubaini za majedwali na nusu ukurasa tu wa kueleza mafungu yalipatikanaje.

Sasa kishikwambi kimechukua nafasi ya daftari, kama tulivyoona katika sensa ya Tanzania ya 2022, na katika tafiti nyingi orodha ya mafungu imo tayari ndani yake, hata uamuzi uliokuwa ukifanyika ofisini, mezani, kwa mashauriano ya makarani na msimamizi wao, umerudi mlangoni, kwa kijana mmoja aliye peke yake juani. Tuchukue swali la kazi. Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa orodha yake ya kwanza ya kazi mnamo 1958, na toleo la 2008 lamtenga mkulima alimaye kwa ajili ya soko na mkulima alimaye kwa ajili ya chakula chake, kila mmoja na namba yake. Mkulima wa Newala auzaye korosho zake mnadani na kula muhogo wa shamba hilo hilo huulizwa kazi yake, naye hujibu neno moja tu, kwamba yeye ni mkulima. Kanuni yataka itazamwe kazi iliyo kubwa. Lakini kubwa kwa siku za jembe, au kwa fedha, au kwa sahani ya jioni, kijana hakuambiwa, na mstari wa wanaomngoja ni mrefu. Katika mwaka ambao korosho hazikupata bei, mtu yule yule, penye mikorosho ile ile, aweza kubonyezewa namba ya pili, na ripoti ya wilaya ikaandika kwamba kilimo cha biashara kimepungua.