Wagosi wa Kaya: Kikosi cha Sikio na Vikosi vya Jicho

Neno mgosi halikuzaliwa ufukweni. Ni neno la Wasambaa na ndugu zao Wabondei na Wazigua, na maana yake ni mwanamume. Kaya nayo ni nyumbani. Hata hivyo klabu iitwayo Wagosi wa Kaya ina makao yake mjini Tanga, penye harufu ya chumvi na samaki, na jina lake la daftarini ni Coastal Union, klabu ya tangu mwaka 1948. Klabu ya pwani imejivika lugha ya mlimani. Huenda ndiyo sababu watu wa Lushoto, Soni na Mlalo, ambao kwa desturi hugawa dunia yao sehemu mbili, Shambaai ya juu yenye mvua na nyika ya chini yenye jua, hawajapata kuiona Coastal kuwa ni timu ya wageni.

Mlimani humo kuna ubishi usiochakaa. Mwenye umri wa kutosha atasema kwamba Coastal ilikuwa moja tu, ile ya mwaka 1988, na zilizofuata ni vivuli vyake. Kijana atamjibu kwa kikosi cha mwaka 2022, kilichoitetemesha Yanga katika fainali mjini Arusha. Yupo na wa tatu, naye kwa kawaida ni mtu wa maneno machache, atakayeutaja msimu wa 2023/24. Ubishi huu ni wa starehe, lakini una uchungu ndani yake. Mwaka 1988 ndio mwaka ambao Coastal ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara, na kombe hilo halijarudi Tanga tangu hapo. Kwa hiyo anayeuliza kikosi kipi kilikuwa bora anauliza pia kama mkoa huu umekwisha kuwa na siku zake njema, au kama bado zipo mbele.

Uzito wa ubingwa ule hauonekani mpaka utazamwe pamoja na mingine. Ligi ya Bara ni mali ya Dar es Salaam. Simba na Yanga wameigawana kama ndugu wawili wanaogawana shamba la baba yao, na waliopata kuingia kati ni wachache: Mseto ya Morogoro mwaka 1975, Tukuyu Stars kutoka Mbeya mwaka 1986, Coastal mwaka 1988, kisha Mtibwa Sugar mwaka 1999 na 2000. Azam ya mwaka 2014 ilivunja mwiko, lakini nayo ni ya Dar es Salaam. Visiwani jambo hili linaeleweka vizuri, kwani Malindi ilipotwaa Ligi ya Muungano mwaka 1989 na tena 1992, furaha yake ilikuwa na ladha hiyo hiyo ya mdogo aliyekataa kukaa pembeni.

Sasa ije hoja inayosahaulika katika mabishano haya. Kikosi cha mwaka 1988 hakikuonwa na Lushoto; kilisikiwa. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya sabini mwanzoni, lakini Bara ilisubiri mpaka mwaka 1994 ndipo vituo vya binafsi vikaanza kurusha picha, na televisheni ya serikali ikafuata baadaye zaidi. Mwaka 1988 mtu wa Usambara alikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, betri zilizoanikwa juani zipate uhai kidogo, na sauti za watangazaji wa zama zile, akina Ahmed Jongo na Charles Hilary. Aliyetaka kuona kwa macho yake ilimbidi ateremke kona za barabara ya Mombo, kilomita zaidi ya thelathini, kisha apite Korogwe, Segera na Muheza mpaka Mkwakwani. Wengi hawakuteremka. Walikaa juu, katika baridi, na kila msikilizaji akauchora uwanja wake mwenyewe.

Uwanja uliochorwa na sikio hauna mashimo. Pasi mbovu haidumu redioni; mtangazaji huipita kwa nusu ya sentensi, na msikilizaji huisahau kabla mpira haujarudi kati. Linalobaki ni bao, jina la mfungaji na kishindo cha watazamaji. Ndiyo maana kikosi cha 1988, katika masimulizi ya mlimani, hakikosei kamwe. Kikosi cha 2022 kilichezea mbele ya kamera, na kamera haina huruma: kila kosa lake limehifadhiwa na hurudiwa kwenye simu za mkononi hadi leo. Basi mzee na kijana hawashindanishi vikosi tu. Wanashindanisha pia sikio na jicho, na sikio limezoea kukuza.

Hata sheria zenyewe zilikuwa nyingine. Kabla ya mwaka 1992 beki aliyebanwa aliweza kumrudishia mlinda mlango wake mpira kwa mguu, naye akaudaka kwa mikono na kupumzisha timu nzima. Mohamed Mwameja, mlinda mlango aliyevaa jezi ya Coastal kabla ya kuhamia Simba, alilelewa katika ulinzi wa namna hiyo. Ushindi ulikuwa na pointi mbili, kwa hiyo sare haikuwa hasara kubwa kama ilivyo katika hesabu ya pointi tatu. Wa kubadilishwa walikuwa wawili. Siku hizi ni watano, karibu nusu ya timu. Ukimchukua mchezaji wa mwaka 1988 ukamweka katika mchezo wa leo, au wa leo ukamrudisha kule, unamwonea kila mmoja wao. Mapimo yanayobaki ni machache: walishinda nini, walimshinda nani, na kwa muda gani.

Yupo hata hivyo mtu mmoja aliyesimama katika zama zote mbili, na kwake ubishi unapata daraja la kuvukia. Juma Mgunda alikuwa mshambuliaji wa Coastal ya mwaka 1988. Miaka 34 baadaye alikuwa kocha wa Coastal iliyoingia fainali. Kati ya tarehe hizo mbili klabu ilipita bondeni hasa: ilishuka, ikarejea Ligi Kuu msimu wa 2011/12, na mwaka 2016 ikashuka tena pamoja na African Sports na Mgambo JKT, hata mkoa mzima ukabaki bila timu katika Ligi Kuu. Ilipopanda tena mwaka 2018, si wengi waliotarajia makubwa.

Fainali ile ilichezwa tarehe 2 Julai 2022 katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Yanga walikuwa wamemaliza ligi bila kupoteza mchezo hata mmoja, na Arusha ilijaa rangi zao. Abdul Hamisi Suleiman, aitwaye Sopu, akawafunga mabao matatu peke yake. Matatu katika fainali, dhidi ya timu ambayo ligi nzima ilishindwa kuiangusha! Dakika 120 zilikwisha kwa mabao 3-3, kisha ikaja mikwaju ya penalti, na Yanga wakachukua kombe kwa 4-1. Huko milimani, ambako mkutano wa maji na umeme si jambo la kutegemewa kila siku, waliobahatika kuwa mbele ya runinga waliiona Coastal kwa namna ambayo baba zao hawakuiona ile ya 1988: jasho, uso wa mfungaji, na pia uso wa aliyekosa penalti.

Kikosi cha msimu wa 2023/24 hakikuwa na usiku wa aina hiyo. Kilishika nafasi ya nne, nyuma ya Yanga, Azam na Simba, na sifa yake kuu ilikuwa mlango uliofungwa. Ley Matampi, mlinda mlango kutoka Kongo, alimaliza michezo 15 bila kufungwa bao na akawa bora wa ligi katika kazi hiyo. Uchezaji wao ulifanana na kazi ya matuta katika mashamba ya miteremko ya Lushoto: hakuna anayesimama kuyasifu, lakini bila hayo udongo wote ungekuwa Mombo. Nafasi ya nne iliwapeleka Kombe la Shirikisho Afrika, wakatolewa mapema na Bravos do Maquis ya Angola kwa jumla ya mabao 3-0.

Hukumu, basi, ni lazima itolewe, maana mwenye kupima akikataa kusema uzito hana haja ya mizani. Kikosi cha 1988 ndicho kikubwa kuliko vyote. Ligi ni kazi ya msimu mzima, nyumbani na ugenini, na hakuna mkwaju wa penalti wa kumwokoa mvivu. Kikosi cha 2022 kilikuwa na saa mbili nzuri kuliko zozote katika maisha ya klabu, lakini zilikuwa saa mbili. Kile cha 2024 kinastahili heshima zaidi ya inayopewa.

Lakini hoja moja ya wazee haisimami. Wao hudai kwamba wachezaji wa zamani walidumu, na wa sasa hukimbilia fedha. Ni kweli kwamba Sopu alikwenda Azam mara baada ya fainali, na mwezi Septemba mwaka ule ule Mgunda mwenyewe akaitwa kuinoa Simba. Ila Mwameja naye alikwenda. Novemba 1993, Simba ilipocheza fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella ya Abidjan, mlangoni alisimama yeye, na Lushoto ikamsikiliza redioni kama ilivyomsikiliza alipokuwa wao.