Kaburi Liko Bukavu, Chuo Kiko Butembo: Urithi wa Monsenyeri Emmanuel Kataliko

Anayetoka Butembo kwenda kuzuru kaburi la Monsenyeri Emmanuel Kataliko ana safari ndefu. Atapita Musienene, Lubero, Kirumba na Kayna, mpaka afike Kanyabayonga, mahali ambapo milima inakatika na bonde la Rwindi linaonekana lote chini yake. Atateremka kuelekea Goma, kisha asafiri tena kando ya Ziwa Kivu au juu ya maji yake hadi Bukavu. Huko, kwenye kanisa kuu la Notre-Dame de la Paix, ndiko alikolazwa mzaliwa wa Lukole aliyekuwa askofu wetu kwa zaidi ya miaka 30.

Ili tuelewe kwa nini mzee huyu alizikwa mbali na kwao, turudi nyuma kidogo. Wamisionari Waasumpsionisti kutoka Ubelgiji walipokelewa katika nchi ya Beni na Lubero mwaka 1929. Kazi yao ilikua: mwaka 1938 Beni ikawa vikarieti chini ya Monsenyeri Henri Piérard, na mwaka 1959 ikapandishwa kuwa jimbo kamili. Mwaka 1966 Piérard alipong'atuka, Roma ilimchagua padre mzalendo aliyezaliwa mwaka 1932 na kupewa upadre mwaka 1958. Padre huyo ndiye Kataliko. Mwaka uliofuata jimbo likaitwa Butembo-Beni, jina linalodumu hadi leo.

Ulikuwa wakati mgumu. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya waasi wa miaka ya 1960, na baadaye serikali ya Mobutu ikazidi kuwa mbali na raia wa Kivu ya Kaskazini. Barabara ziliharibika, shule zikakosa vifaa, walimu wakakosa mishahara. Baba Askofu aliwafundisha watu wake kwamba kumngojea wa Kinshasa ni kulala njaa. Jimbo lilijenga shule na vituo vya afya, nao wafanyabiashara na wakulima walizoea kuchangia kazi za wote. Tabia ya Butembo ya kujitegemea, ambayo wageni huistaajabia, ilipata nguvu katika miaka hiyo.

Mwaka 1989 ikazaliwa kazi yake kubwa kuliko zote: Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Kabla ya hapo, kijana wa Lubero au Beni aliyepata diploma ya serikali na kutamani chuo kikuu alielekea Kisangani, Kinshasa au Lubumbashi. Mzazi asiye na uwezo alimrudisha mwanawe shambani. Jina la chuo lenyewe ni la ardhi yetu: Graben ni neno la wanajiolojia kwa bonde la ufa, bonde lile lile analolitazama msafiri akisimama Kanyabayonga. Vitivo vyake navyo vilifuata maisha ya watu. Kwenye nchi ya viazi, maharage na ng'ombe, palifundishwa kilimo na uganga wa mifugo; kwenye mji wa wafanyabiashara, palifundishwa uchumi na sheria; na kwa ajili ya wagonjwa, udaktari.

Oktoba 1996 Askofu Mkuu wa Bukavu, Christophe Munzihirwa, aliuawa vita vilipoingia mjini humo. Machi 1997 Kataliko aliteuliwa kukalia kiti chake. Alikwenda. Katika ujumbe wake wa Noeli ya mwaka 1999 alilaani waziwazi vita, uporaji wa mali ya nchi, na Wakongo waliowasaidia wageni kuwatesa ndugu zao. Tarehe 12 Februari 2000 waasi wa RCD waliokuwa wakitawala Bukavu walimfukuza na kumpeleka Butembo. Kwa miezi saba alikaa kwao kama mfungwa asiye na minyororo, huku waumini wa Bukavu wakidai arudishwe. Alirudi tarehe 14 Septemba. Siku 20 baadaye, tarehe 4 Oktoba 2000, moyo wake ulisimama akiwa Roma, na mwili wake ukaletwa kuzikwa kwa waumini waliomdai.

Chuo alichokiacha nacho kilionja uchungu wa nchi. Janga la Ebola la 2018 hadi 2020 liliua zaidi ya watu 2,200 katika eneo letu. Tarehe 19 Aprili 2019 watu wenye silaha walivamia hospitali ya Chuo cha Graben mjini Butembo na kumuua Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani. Hakuwa mtoto wa hapa, lakini damu yake ilimwagika akiwahudumia watoto wa hapa. Jina lake linastahili kutajwa kila historia ya chuo inaposimuliwa.

Mwishoni mwa Juni 2024 Kanyabayonga ilitekwa na waasi wa M23, na njia ya kwenda kaburini ikazidi kuwa chungu. Lakini kumbukumbu ya Kataliko haikukatika, kwa sababu mjini Butembo mnara wake, yaani chuo hicho, una madarasa, maabara na vitanda vya wagonjwa, na kila mwaka unatoa vijana wenye elimu.

Kuna jambo moja tunalodaiwa. Wazee waliofanya kazi naye wanazidi kupungua. Wanafunzi wa Graben, chukueni kalamu mkakae nao Musienene, Lubero na Beni. Andikeni majina ya waliochanga, waliojenga na waliofundisha, kisha wekeni maandishi hayo katika maktaba ya chuo. Kuzuru kaburi la Bukavu kunaweza kungojea amani. Wazee hawa hawawezi kungojea.