Karani na Kazi Yake Nyingine: Dhidi ya Wito wa Mwajiri

Katika hotuba za Mei Mosi na mahafali ya vyuo, kauli moja haikosekani: ualimu ni wito. Uuguzi na udaktari hupewa sifa hiyohiyo, hasa msimu wa madai ya mishahara. Makala haya hayakanushi kwamba wapo watu walioitwa. Yanapinga dhana iliyojificha nyuma ya kauli hiyo, kwamba wito wa mtu hukaa palepale unapotoka mshahara wake, na kwa hiyo mwajiri ana haki ya kuusimamia.

Kwamba cheo hakitoshi kueleza maana ya kazi, wataalamu wamekwisha kubaliana. Mwaka 1997 mtafiti Amy Wrzesniewski na wenzake walionyesha kuwa wapo wanaoiona kazi kama riziki tu, wanaoiona kama ngazi ya kupanda, na wanaoiona kama wito. Wasaidizi wa ofisi 24 wenye cheo kinachofanana waligawanyika karibu sawasawa katika makundi hayo matatu. Hapo sina ugomvi. Ugomvi unaanzia mwaka 2001, pale Wrzesniewski na Jane Dutton walipowatumia wasafishaji wa hospitali, waliojiona ni sehemu ya tiba, kudai kuwa mfanyakazi anaweza kuifinyanga upya kazi yake. Uchunguzi ni mzuri, lakini tazama unavyotumika: mwajiri humtaka mfagizi abadilishe mtazamo, yeye asibadilishe mshahara. Bunderson na Thompson, walipowachunguza watunzaji wa wanyama katika bustani za wanyama mwaka 2009, walilibaini hilo. Waliojiona wameitwa ndio waliokuwa tayari kujinyima zaidi, na ndio waliokuwa rahisi kunyonywa.

Ushahidi wangu mkuu uko karibu na nyumbani. Mwandishi na mshairi Shaaban Robert aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926, akiwa kijana wa miaka 17 hivi. Alikaa humo miaka kumi na minane, kisha akapitia idara ya wanyama, ofisi ya wilaya Tanga na idara ya upimaji. Utumishi wa kikoloni ulikuwa na daraja la Mzungu, la Mwasia na la Mwafrika, na hilo la mwisho halikufika mbali. Kwa hiyo ngazi ya kupanda, ile ya kundi la pili la Wrzesniewski, kwake ilikatwa mapema. Je, aliufinyanga ukarani ukawa wito? Sioni dalili. Kilichotoka katika miaka hiyo ni kingine kabisa: utenzi wa vita vya 1939 hadi 1945, wenye beti takriban 3,000, tenzi za wasia kwa bintiye na kwa mwanawe, zilizomo katika kitabu chake Maisha Yangu, kisha riwaya ya Kusadikika mwaka 1951. Sijui bosi aliyemwagiza, wala daraja aliloongezewa ofisini kwa ajili ya maandishi hayo. Ukarani ulimpa vitu viwili tu, navyo si vidogo: mshahara wa mwezi na saa ya kufunga ofisi.

Kitendawili ni Utubora Mkulima, kitabu kilichochapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya kifo chake. Shujaa wake anaacha kazi ya mjini, ingawa tajiri wake anataka abaki, anakwenda Busutamu kulima. Ni rahisi kukisoma kama hamasa ya kurudi shambani, na kuchapishwa mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha kuliupa usomaji huo nguvu. Mbona basi mwandishi mwenyewe alibaki ofisini? Kwa maoni yangu, Utubora hatafuti kazi bora kuliko ya kwanza. Anatafuta kuipima kazi yake mwenyewe, bila mizani ya tajiri. Mtunzi wake alikwisha kuwa na mizani hiyo nje ya saa za kazi. Hakuwa na haja ya kuhama.

Itasemwa kwamba Shaaban Robert alikuwa na kipaji adimu. Kweli. Lakini Haji Gora Haji wa Tumbatu, mtunzi wa diwani ya Kimbunga, naye alivua samaki na kubeba mizigo. Na tuwaache washairi. Mwosha maiti wa mtaa, akijaza fomu, mahali pa kazi huandika “dereva”. Fomu hiyo haidanganyi, ila haijui nani hugongewa mlango saa nane usiku.

Pingamizi zito zaidi ni la saa. Msaidizi wa nyumbani anayeamka kabla ya adhana na kulala baada ya vyombo hana jioni ya kumwachia mtu mwingine yeyote, hata nafsi yake. Nalikubali, na naona linanisaidia: sharti la kwanza la wito ni muda, mtazamo unafuata.

Watafiti wenzangu, hojaji zetu zisiishie kuuliza mtu anaionaje kazi yake; ziulize pia nani hupungukiwa asipokuwapo, baada ya saa za kazi. Na viongozi wetu waliondoe neno wito katika kila hotuba inayojibu madai ya mishahara, mpaka malimbikizo ya walimu yatakapokuwa yamelipwa.