Kutoka Manispaa hadi Jiji: Ilala, Kariakoo na Historia ya Mamlaka za Mji wa Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza historia ya Ilala, eneo la katikati ya Dar es Salaam lenye Kariakoo ndani yake, lililokuwa manispaa kuanzia mwaka 2000 hadi 2021. Hoja yake ni kwamba neno "jiji" hubeba maana mbili: makazi ya watu na chombo cha utawala. Kuzichanganya maana hizo kunaficha swali la msingi: nani anawajibika kwa mambo yanayowahusu wakazi wote?

2.0 Mamlaka Zilizobadilika

Dar es Salaam ilipata hadhi ya manispaa mwaka 1949 na ya jiji mwaka 1961. Sera ya Madaraka Mikoani ilifuta halmashauri za miji mwanzoni mwa miaka ya 1970, nazo zikarejeshwa mwaka 1978. Mwaka 1996 Serikali iliivunja Halmashauri ya Jiji, na kazi zake zikashikwa na Tume ya Jiji hadi mwaka 2000. Ndipo zilipoundwa manispaa tatu: Ilala, Kinondoni na Temeke. Juu yake ilikuwapo Halmashauri ya Jiji iliyoshughulikia mambo ya pamoja, yakiwamo dampo la Pugu Kinyamwezi na kituo cha mabasi cha Ubungo. Hata hivyo, halmashauri hiyo haikuwa na kata zake yenyewe. Madiwani wake walitoka katika mabaraza ya manispaa.

Februari 2021, Rais John Magufuli aliivunja na kuipandisha Ilala kuwa Jiji la Dar es Salaam. Jina la mji mzima likawa la sehemu yake moja. Mkazi wa Mbagala angali mtu wa Dar es Salaam, ilhali halmashauri yake ni Manispaa ya Temeke.

3.0 Kariakoo: Soko Ndani ya Halmashauri

Jina Kariakoo linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Jengo la soko lililobuniwa na Beda Amuli lilikabidhiwa kwa Shirika la Masoko ya Kariakoo, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1974, katika kipindi cha Madaraka Mikoani. Kwa hiyo, halmashauri iliporejeshwa, soko kubwa la mji lilikwisha kuwa na msimamizi mwingine.

Soko hilo lilipoungua Julai 2021, miezi mitano baada ya Ilala kuwa jiji, uchunguzi uliundwa na Serikali Kuu. Hadhi mpya ya halmashauri haikuwa imebadili wajibu juu ya soko lililo katikati ya eneo lake.

4.0 Hitimisho

Historia ya Ilala inaonesha kuwa hadhi hutolewa kwa tangazo, lakini wajibu hufuata sheria iliyounda kila chombo. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayetaka kujua apeleke wapi malalamiko yake hatapata jibu kwenye jina la halmashauri pekee.