Kibandiko na Mtoto: Elimu Maalumu Ilivyofika Kusini

Elimu maalumu nchini Tanzania ilianza kwa kutenga watoto kulingana na kasoro iliyotajwa: wasioona walipata shule Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, viziwi walipata yao Tabora mwaka 1963, na wenye ulemavu wa akili, yaani wale ambao ufahamu wao hukua polepole kuliko wa wenzao, walisubiri hadi miaka ya 1980. Utaratibu huo ulimfaa mtoto ambaye ulemavu wake ulionekana waziwazi, lakini haukumfikia yule wa Nakapanya, mkoani Ruvuma, ambako shule za namna hiyo zilikuwa mbali.

Sheria ya Elimu ya 1978 ilipolazimisha kila mtoto kuandikishwa, madarasa yalijaa, na aliyeshindwa kusoma aliitwa mzito, ingawa huenda alikuwa haoni ubao vizuri, au alikuwa amezoea Kiyao nyumbani na sasa akafundishwa kwa Kiswahili. Hapo jina lilifanya kazi ambayo uchunguzi ulipaswa kuifanya.

Tamko la Salamanca la 1994 lilihimiza elimu jumuishi, maana yake watoto wote kusoma pamoja kwa msaada unaolingana na haja ya kila mmoja, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 ikaitambua haki hiyo. Hata hivyo, sheria haimpimi mtoto macho. Mwalimu ndiye anayepaswa kuuliza anachoweza kabla ya kuandika asichokiweza.